Nani atashika funguo usiku wa harusi yako?



Msimu ndio huu. Ukiandama mwezi wa Mfunguo Mosi, cherehani zetu hazipoi. Kutwa tunaulizwa maswali: lasi ya aina gani, shela iburure kiasi gani, sare ya upande wa bwana harusi iwe rangi gani isije ikafanana na ya upande wa biharusi. Tunayajibu yote kwa furaha, ndiyo riziki yetu. Lakini lipo swali moja ambalo hatuulizwi, na mpaka mwaka jana na sisi hatukuwa tukimuuliza mtu: usiku ule, magari na pikipiki za msafara nani ataendesha, na atakuwa amekunywa nini?

Tunajua kuna atakayeruka. Pombe kwenye harusi yetu? Astaghfirullah! Na kweli, mezani haimo. Mezani kuna juisi ya ukwaju, soda na maji. Kadi imeandikwa Bismillah juu kabisa, na nikaha imesomwa msikitini. Sasa toka nje, dada, pita nyuma ya ukumbi pale zinapoegeshwa gari. Utawakuta wadogo zako, watoto wa ami na wa khalati, wa miaka 15, 16, 17, wamejifungia ndani ya Noah, vioo juu, muziki chini. Chupa ni ya juisi, kilichomo si juisi. Pembeni kuna makopo ya vinywaji vya kuongeza nguvu, wanachanganya. Pikipiki zimeegemezwa ukutani, funguo ziko palepale.

Sisi tumeziona chupa hizo kwa macho yetu si mara moja. Tunaingia na kutoka kumbi nyingi, maana fundi wa nguo ya biharusi hamalizi kazi dukani. Anamfuata mpaka ukumbini na sindano mkononi. Tuliona, tukanyamaza. Si kazi yetu, tulijiambia, wana wazazi wao.

Mwaka jana Mungu alitufundisha kwamba ni kazi yetu.

Ilikuwa harusi ya shamba, upande wa kusini wa Unguja. Mji hatuutaji wala ukoo. Wenyewe wameturuhusu kusimulia, lakini sitara ni sitara. Nguo tulikuwa nayo, taji na shungi la lulu tumeviacha dukani Fuoni. Kosa letu, halina mwengine wa kubebeshwa. Msafara ulikuwa uondoke baada ya Maghrib. Saa tatu usiku biharusi bado amekaa chumbani, kapambwa, kachoka, analia wanja unamwagika. Somo wake anatutizama kama tumeua mtu. Tukatoka nje, tukamwita kijana wa mwanzo tuliyemuona na pikipiki.

Alikuwa na miaka 16. Alinukia udi mwingi kuliko biharusi mwenyewe, na peremende ya minti mdomoni. Macho mekundu. Tulipokuwa tukimpa ufunguo wa duka tuliona yote hayo, dada zetu, hatuwezi kusema hatukuona. Tukajiambia ni usingizi, watoto wamekesha tangu jana. Tukamwambia, "Mwanangu, fanya haraka." Mwenzake wa miaka 15 akarukia nyuma.

Walifika Fuoni salama. Wakirudi, kwenye kona, pikipiki haikukata. Ilikwenda moja kwa moja kwenye rundo la mawe ya mtu anayejenga. Paja la mwendeshaji lilivunjika mahali pawili, wa nyuma akavunjika taya. Hakuna aliyevaa helmeti. Ilikuwa mwaka wake wa mtihani wa kidato cha nne. Novemba wenzake waliingia chumba cha mtihani, yeye alikuwa kitandani kwa mama yake. Taji liliokotwa ndani ya mfuko, halikudondoka hata lulu moja.

Tulipokwenda kumtizama spitali alitwambia mwenyewe, bila kuulizwa: walianza kunywa tangu alasiri. Walikuwa wanasubiri. Kusubiri nini? Kutusubiri sisi.

Basi tangu siku ile tumekaa tukifikiri, na leo tunataka kusema jambo moja tu, hata kama litawaudhi baadhi yenu. Mtoto wa Kiislamu wa kisiwani anayekunywa pombe, mara nyingi anaionjea kwenye shughuli zetu wenyewe. Na shughuli hizo zinapangwa na wanawake. Sisi ndio tunaokaa kikao, tunaokusanya michango, tunaoamua saa, chakula, gari na nani atumwe wapi. Kwa hivyo kuizuia ajali ile kunaanza kwetu, mezani, na daftari la harusi likiwa wazi, kabla ya polisi wala imamu hawajahusika.

Angalieni vile tunavyowapanga vijana hawa. Tunawaita tangu asubuhi wabebe viti, wafunge maturubai, wapeleke mabirika. Halafu kuanzia alasiri hawana kazi mpaka usiku. Chakula wanakula mwisho, baada ya wageni na wazee, wakati mwengine wanakuta ukoko. Pombe ikiingia tumbo tupu hupanda kichwani upesi zaidi. Na katikati ya njaa hiyo na uvivu huo, tunawapa bahasha. Mnaijua ile bahasha: "pesa ya mafuta ya vijana". Inatoka kwenye michango ya akina mama, anakabidhiwa mkubwa wao, na hakuna hata mmoja wetu anayeuliza chenji. Biharusi anahesabiwa kila yadi ya kitambaa, bahasha ile haihesabiwi! Tunaogopa kusema, lakini inawezekana chupa ile nyuma ya ukumbi tumeinunua sisi.

Serikali ilipopiga marufuku viroba Machi 2017 tulishangilia, tukidhani mambo yamekwisha. Viroba vilikwenda, chupa ndogo za kuingia mfukoni zikabaki. Na sheria ya nchi inasema asiyefika miaka 18 asiuziwe pombe, lakini mtoto wa miaka 16 haendi dukani mwenyewe. Ana kaka, ana rafiki wa kaka, ana mtu anayefanya kazi ufukweni.

Sasa tuseme kuhusu kileo chenyewe, maana wengi wetu tumelelewa kwa neno moja tu, haramu, na neno hilo linatosha kwa imani zetu, lakini halikutufundisha kumtambua mtoto aliyelewa. Tunadhani mlevi ni yule anayeyumba na kutapika. Kumbe kinachoondoka mwanzo ni busara. Kabla hajayumba, kijana anakuwa hodari. Anaona barabara ni yake, kona ni nyepesi, na breki ni za waoga. Macho na mkono vinachelewa. Pikipiki ikienda kilomita 60 kwa saa, kila sekunde moja inakwenda kama mita 17. Sisi tunapima kwa vitambaa: tandaza mita 17 za satini kutoka mlangoni kwetu, inafika duka la tatu. Huo ndio umbali anaokwenda mtoto kwa kuchelewa sekunde moja tu kushika breki.

Vinywaji vya kuongeza nguvu vinazidisha balaa. Vinamfanya asijisikie amelewa, naye kalewa vilevile. Na hizi dawa zetu za ndimu na chumvi, kahawa chungu, dafu, kumwagiwa maji, hazimtoi mtu pombe mwilini. Kazi hiyo ni ya ini, nalo linakwenda kwa masaa, halikimbizwi. Mtoto aliyemwagiwa maji ni mlevi aliyerowa. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema, "Mpeni kahawa kisha aendeshe," mzuie.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 kuliko sababu nyengine yoyote. Tulipoisoma hiyo tulinyamaza dukani. Tunawachanja, tunawawekea vyandarua, tunawafunga hirizi (wengine wetu, Mungu atusamehe), kisha tunawapa ufunguo.

Hapa kuna dada atasema: haya yote dawa yake ni malezi na dini, mtoto akiogopa Mungu hatokunywa. Tunakubali, na zaidi ya kukubali. Aya ya 90 ya Suratul Maida inajulikana na kila mtoto wa chuoni, na inayofuata inaeleza hata sababu yake, uadui na kusahau sala. Hata Masahaba hawakuachishwa kwa siku moja; makatazo yalishuka kwa hatua, mpaka ilipofika ya mwisho wakaimwaga njiani Madina. Lakini mtoto wetu aliyeanguka kwenye mawe alikuwa amehitimu chuo, na juzuu kadhaa kazihifadhi. Alijua ni haramu. Ndiyo maana alijificha. Na kwa kuwa alijificha, hakuwa na mtu wa kumwambia, "Shangazi, mimi siwezi kwenda, nimekunywa."

Fikirini neno hilo. Tulipompa ufunguo, angeweza kukataa. Hakukataa kwa sababu kukataa kungemfichua. Aliona bora apande pikipiki na ulevi wake kuliko baba yake ajue. Tukimuuliza kijana yeyote wa hapa, atakwambia hivyohivyo: anachokiogopa ni baba, kaburi halimo kwenye hesabu zake. Woga huo tumeutia sisi, na una faida zake, hatuukatai. Ila usiku wa manane barabarani unaua.

Basi sisi kwetu sasa tumewaambia watoto wetu na watoto wa ndugu zetu: ukijikuta umekunywa, au mwenye gari amekunywa, piga simu. Tutakuja, saa yoyote, hata kwa bajaji. Njiani hatutakuuliza kitu. Maswali yatakuja kesho baada ya Alfajiri, na yatakuwa makali, usidhani umesamehewa. Lakini leo rudi hai.

Mama mmoja tunayemheshimu sana alitukemea kwa hilo. Alisema tunawafungulia mlango, tunawafundisha kwamba haramu ina usafiri. Tulimsikiliza. Si hoja ya kupuuza, na ametuzidi umri na elimu ya dini. Lakini tulimjibu kwa adabu hivi: wanavyuoni wanatufundisha kwamba sheria imekuja kulinda mambo matano, dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Pombe imekatazwa kwa kuwa inaondoa akili. Sasa akili imeshaondoka, mtoto keshakosea. Je, tumuache na nafsi nayo iondoke ili tuonekane tumekasirika vya kutosha? Toba inamtaka mtu aliye hai. Na tukumbuke Hadithi inayotwambia kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa alichokichunga. Mama yule hakutupa jibu siku ile, akaomba tumpunguzie bei ya baibui. Tukampunguzia.

Kusitiri nako tumekuchanganya. Kumsitiri mja ni kutomtangaza aibu yake. Kumkabidhi ufunguo huku unanusa pombe, ukasema "tumsitiri", huko si kumsitiri. Sisi tulifanya hivyo na tunajua uzito wake.

Tusiwasahau mabinti. Tunawazungumzia wavulana kwa kuwa ndio wanaoshika usukani, lakini wasichana wako nyuma yao, mishikaki, watatu kwenye kiti kimoja, na dira na mtandio wa shifon unapepea. Kama mafundi tunawaambieni: shifon ikiingia kwenye spoku au cheni haikatiki upesi, inavuta. Tulishaona mtandio uliotolewa kwenye gurudumu, hatutaki kueleza zaidi. Na tusidanganyane, wapo mabinti nao wanaoonja ile chupa. Mfundishe binti yako kwamba kushuka kwenye pikipiki ya kijana aliyelewa si utovu wa adabu. Amezoea kuambiwa asikilize, asibishe. Hapo abishe.

Kuna kitu kinatuchekesha na kutuliza kila tukipita njia ya Paje. Pale Jozani, msituni, barabarani yamewekwa matuta, kwa sababu gari zilikuwa zinawagonga kima punju. Watu wakaona wanyama wale ni wachache na hawapatikani kwengine, wakasema dereva lazima apunguze mwendo. Alhamdulillah, ni jambo jema, nao ni viumbe wa Mungu. Lakini vijana wetu na wao hawapatikani kwengine.

Wala msiseme sisi wanawake tutabadilisha nini. Mwaka 1980 huko California, Marekani, mama mmoja anayeitwa Candace Lightner alifiwa na bintiye wa miaka 13, Cari, aliyegongwa na dereva mlevi akiwa anatembea kwa miguu. Mama yule akaanzisha chama cha akina mama wa kupinga ulevi barabarani. Mwaka 1984 nchi ile ikapitisha sheria ya kuyasukuma majimbo yote yaweke umri wa kununua pombe kuwa miaka 21, na akina mama wale walikuwa mstari wa mbele kuidai. Kwao pombe ni halali madukani, na bado waliweza. Sisi tunaoiita haramu tunashindwa hata kuitaja kwenye kikao cha harusi!

Tunachokifanya dukani ni kidogo, lakini tunakifanya. Kwenye ile karatasi ya vipimo, chini ya kifua, kiuno na urefu, tumeongeza mistari. Msafara unaondoka saa ngapi, na sisi tunajifunga kumaliza nguo siku mbili kabla, tukichelewa tunakata pesa yetu. Vijana watakula saa ngapi, na tunashauri wale mwanzo, kabla ya wageni, sahani zao wenyewe na nyama yao wenyewe. Pesa ya mafuta asipewe mtu mkononi. Ami mmoja aende nao kituo cha mafuta, alipe, arudi na risiti.

Na funguo. Hapa ndipo tunapobanana na wateja. Kila ukoo una ami asiyependa mzaha, yule ambaye watoto wakimuona wanashusha sauti. Mpeni kopo la biskuti. Kila asiyefika miaka 18 aliyekuja na chombo anatia ufunguo wake mle akifika, na hautoki mpaka asubuhi. Kurudi wanarudi kwa gari moja ya kukodi, Coaster au daladala, na dereva mtu mzima anayelipwa. Maharusi wanalalamika gharama. Tunawaonyesha hesabu: pesa ya gauni la pili, lile la kubadilisha kwa nusu saa ya kupiga picha, kwa bei zetu inakodi gari hiyo na chenji inabaki. Ndiyo, tunajinyima kazi wenyewe. Mwengine anachagua gauni, hatumlazimishi, lakini tunakuwa tumeshasema.

Halafu biharusi mwenyewe aseme. Hili tumeliona lina nguvu kuliko khutba. Wale vijana ni wadogo zake, wamelala mkeka mmoja, amewafulia nguo za skuli. Awaite wiki ya harusi, awaambie, "Mimi sitaki harusi yangu iwe siku ya msiba wenu." Kuna biharusi mmoja wa Bububu aliyewaandikia kila mmoja ujumbe wa sauti kwenye simu, kwa jina lake. Kaka zake walimcheka, kisha wakatia funguo kwenye kopo.

Kijana wetu sasa anatembea, mguu mmoja umefupika kidogo. Tulimshonea kanzu, upindo wa upande mmoja tukaushusha kidogo usionekane umepanda. Mwaka huu anarudia mtihani, muombeeni. Mwenzake taya limeunga.

Wiki iliyopita amekuja biharusi mwengine na mama yake, kachagua satini ya maziwa na shela ya mita tatu. Tulipofika kwenye mstari wa funguo mama alikunja uso, akasema kwao hawana watoto wa hivyo. Binti akanyamaza kidogo, akatizama chini. Kisha akatoa simu kwenye mkoba, akampigia ami yake tukiwa palepale, akamuuliza kama ile Ijumaa atakuwa na nafasi ya kukaa mlangoni.